Mabeseni Tuliyotundika Juu ya Bonde

Nianze na baiskeli ya katekista, kwa sababu nikianza na umeme nitaisahau baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyotangulia.

Nilipokuwa mdogo kule Mkumbi, katekista wetu, Mwalimu Teofili, ndiye peke yake aliyekuwa na baiskeli kwenye mteremko wetu wote. Breki haikuwa nazo. Akishuka alinyanyua miguu yote miwili na kuimba litania kwa sauti kubwa ili watu na mbuzi wapishe. Sisi tulikuwa mashambani na tuliitikia kama kanisani. Ukisikia watakatifu wanakuja harakaharaka, unaruka pembeni, kisha ndiyo unasema "utuombee".

Mama yangu, Theresia, alikuwa amepata waya. Sijui aliupata wapi, zamani zile waya ulikuwa mali. Akaufunga kutoka nguzo ya jikoni mpaka kwenye mpera, ukikatiza njia, apate pa kuanika nguo. Siku hiyo nguo zilikuwa zimekauka, ameshazianua, waya umebaki mtupu. Mwalimu Teofili akaja. "Mtakatifu Yosefu!" Tukaitikia. "Mtakatifu Ana!" Hapo hatukupata nafasi. Baiskeli iliendelea peke yake mpaka kwenye kahawa za baba. Mwalimu mwenyewe waya ulimpokea kifuani, ukamrudisha nyuma, akatua ndani ya ngoro. Ngoro ni yale mashimo yetu Wamatengo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isituibie udongo. Siku ile lilizuia katekista.

Wazee wakakaa. Mama akajitetea: "Waya wangu ulikuwa umesimama. Yeye ndiye aliyekuwa anakuja." Ilikuwa kweli tupu, na kesi akashindwa. Wazee walisema mwenye waya ndiye anayejua waya uko wapi, mpita njia hajui, kwa hiyo waya usiachwe mtupu. Mama akaamriwa kwamba asipokuwa na nguo za kuanika, atundike kitu. Akatundika kipande cha kibuyu, kikawa kinazungukazunguka na upepo. Mwalimu Teofili alizoea kuinamisha kichwa akikifikia. Waya ulikuja kuondolewa, mpera ukakatwa, na yeye akazeeka akiwa bado anainama pale pale.

Haya. Sasa umeme.

Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, na mimi shule yangu iliishia darasa la nne, basi msinihesabie nukta. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, maana ndio huohuo mnaolipwa ninyi.

Niliingia karakana ya misheni kwa kuchimba mashimo ya nguzo. Mmatengo akiomba kazi, watu wanadhani anajua kuchimba tu, na kwa kweli hawakukosea. Misheni ilikuwa na hospitali kule ufukweni, upande wa Kihagara, na mto mdogo wa kutoka mlimani ulikuwa unaendesha mtambo wa maji. Kazi yetu ilikuwa kuutoa umeme kule juu na kuuteremsha hospitalini.

Fundi mkuu alikuwa Fundi Ndunguru, mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alinipa nyundo, akaniambia niigonge nguzo kabla ya kuipanda.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Haisemi kitu, Fundi."

"Gonga tena. Nzima inalia kama ngoma. Iliyoliwa na mchwa inalia kama debe la karanga. Ukiipanda hiyo ya karanga, mimi nitakwenda kumsalimia mama yako peke yangu."

Niligonga kila nguzo maisha yangu yote ya kazi. Nimewaona baadhi yenu mnapanda bila kugonga. Sitaji majina, lakini mnajijua.

Alinifundisha kupanda kwa vile viatu vya chuma vyenye meno, kujifunga mkanda nguzoni kabla ya kushika chochote, na kutomwamini mtu anayesema "umeme nimezima" mpaka aje asimame chini yako, umwone uso. Tulifanya kazi ya misheni mpaka Litumbandyosi, huko nguzo zililiwa na mchwa kabla hatujamaliza kushindilia udongo. Tulijifunza kuzipaka oili chafu ya lori. Shida ikawa watu wanakuja kuikwangua oili hiyo wakapake milango yao, maana mchwa hawabagui.

Laini iliyonipa sifa ni ile ya kuvuka bonde. Mto unapotoka mlimani kabla ya kufika ziwani unapita kati ya vilima viwili, na hospitali iko upande wa pili. Tulisimamisha nguzo kilima hiki na kilima kile, tukanyoosha waya tatu juu ya bonde lote. Taa zilipowaka hospitalini masista walipiga vigelegele, na Fundi Ndunguru akavua kofia, jambo ambalo sikuliona tena.

Hatukufikiria ndege. Nani angefikiria ndege? Ilikuja mara chache, ndege ndogo, ikileta madaktari wa kuzunguka. Ilitua kwenye uwanja wa majani mdomoni mwa bonde, na kwa kawaida iliingia kutokea ziwani, asubuhi, maji yakiwa yametulia.

Lakini kipindi cha kiangazi ziwani unavuma upepo wa mwera. Na ndege, kama hamjui, inatua ikiutazama upepo, kama kunguru anavyotua juu ya paa. Upepo ukitoka ziwani, ndege lazima izunguke itokee mlimani na kushuka na bonde. Na bondeni ndiko kulikokuwa na waya zetu tatu.

Siku ilipotokea nilikuwa juu ya nguzo ya hospitali nabadilisha kikombe kilichopasuka, kile cha kauri kinachoshikilia waya. Nikasikia mlio, nikageuka. Ndege ilikuwa inashuka na bonde vizuri kabisa, ghafla ikainua pua kama farasi aliyeona nyoka, magurudumu yakapita juu ya waya karibu kiasi kwamba nilifumba macho. Nilipofumbua, imeshatua. Rubani akashuka, akatembea moja kwa moja mpaka chini ya nguzo yangu. Alikuwa Kapteni Mushi, Mchaga mrefu, mpole siku nyingine zote.

"Wewe fundi, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Nani ameweka kamba ya kuanikia nguo njiani kwangu?"

Naapa alisema hivyo. Nilimwona Mwalimu Teofili ndani ya ngoro.

Kikao kikakaa ofisini kwa Padre msimamizi. Kapteni Mushi alikuwa amekunywa maji akatulia. Akasema waya rubani haoni. Anaziona nguzo, tena akibahatika, na waya anaubahatisha. Akasema mwezi ujao anamleta daktari wa macho, na majira hayo mwera haukosi. "Mkizionyesha waya, natua. Msipozionyesha, napita juu, daktari atashukia kituo kingine. Sileti daktari wa macho kwa watu ambao hawataki nione."

Padre akasema kuna maboya maalumu ya waya, yanatengenezwa Ulaya, ataagiza. Tukauliza yatafika lini. Akasema, "Meli ikipenda."

Sasa niwaambie kwa nini jambo hilo lilinichoma mimi kuliko wengine. Mama yangu alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, pole pole, kwanza akawa anachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu, mwisho akawa anaongozwa kwa fimbo kwenda hata jikoni. Daktari wa macho alikuwa hajafika ufukweni kwetu tangu hali ya mama iharibike, na akipita safari hii, hakuna aliyejua atarudi lini. Nilikuwa nimeshamteremsha mama kwa lori la kahawa kutoka Mkumbi. Alikaa kwenye vibanda vya wauguzaji pamoja na wazee wenzake, wote wanasubiri ndege.

"Anselmi," akaniuliza, "hiyo ndege yako inakuja?"

"Inakuja, mama. Kuna waya kidogo."

"Waya tena!"

Fundi Ndunguru akatoa amri: tunasimamisha nguzo mbili mpya, ndefu kuliko za umeme, upande wa mlimani, rubani azikute kwanza. Kati yake tunanyoosha waya mmoja wa chuma usio na umeme, juu kuliko zile tatu, na huo ndio tutakaouvisha. Hilo lilikuwa wazo la fundi kweli. Wazo lililofuata lilikuwa la Mtanzania.

Kwetu, mgeni mkubwa akija, tunapaka mawe chokaa. Barabara ya kupita kiongozi, mawe meupe. Shule ikikaguliwa, mawe meupe, na mashina ya miti mpaka kiunoni. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Basi Fundi Ndunguru akasema rubani ni mgeni mkubwa, apewe nyeupe. Tukapaka chokaa nguzo, tukapaka mawe ya vilima vyote viwili, tukakata mifuko meupe ya mbolea ikawa bendera, tukaifunga kwenye waya wa chuma, tukauvuta. Tukasimama chini tukitazama juu. Anga la buluu, bendera nyeupe zinapepea! Padre akabariki. Masista wakaimba. Mimi nikamwendea mama, nikamwambia, "Tayari, inaonekana mpaka mbinguni."

Aliyekuwa hapigi makofi ni Mzee Edwini, Mnyasa, mwendesha boti wa hospitali na mvuvi tangu utoto. Kati ya Wamatengo na Wanyasa utani haulali. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akishona wavu.

"Watani zangu watu wa mashimo," akasema, "mmeanika mifuko ya nani?"

"Kaa kimya, mla magamba," Ndunguru akamjibu. "Hiyo ni kazi ya kitaalamu."

"Nakaa. Lakini ziwani kwetu boya jeupe tunamwuzia mtu tusiyempenda."

Tulicheka, tukadhani ni utani. Nusu yake ulikuwa utani.

Kapteni Mushi akapita kuleta dawa, asubuhi tulivu, akaingia kwa ziwani. Akaziona bendera kutoka chini akasema ni nzuri. Halafu akasema, "Twendeni mlimani." Akatupandisha njia ya mtamboni, mimi na Ndunguru, na Mzee Edwini akatufuata kwa sababu hakuwa tayari kukosa. Tulipanda mpaka tukawa juu kuliko waya, pale ambapo ndege huanzia kushuka. Kapteni akahema, akaegemea mwamba.

"Haya, mafundi. Mimi sasa niko ndani ya ndege. Nionyesheni bendera zenu."

Tukatazama chini. Ninyi hamjawahi kuona aibu kama ile. Ukungu wa ziwa ulikuwa umelala bondeni, mweupe. Moshi wa watu wanaochoma majani, mweupe. Nyasi za kiangazi zimepauka. Mawe tuliyopaka chokaa yalionekana safi sana, yale ambayo hayakuwa na hatari kwa mtu yeyote.

"Zile pale," Fundi Ndunguru akanyoosha kidole.

"Huo ni moshi, Fundi."

"Ile basi. Ile iliyosimama wima."

Tukaitazama wote. Ile iliyosimama wima ikakunjua mabawa ikaruka. Ilikuwa yangeyange.

Mzee Edwini alicheka mpaka akakaa chini. Kapteni naye akajikaza, akashindwa. Mwisho Fundi Ndunguru mwenyewe akacheka, na hapo ndipo nilipompenda zaidi, maana wapo mafundi ambao wangemfukuza yangeyange kwa mawe.

"Mnatazama mkiwa chini," Kapteni akasema. "Aliye chini anaona kitu kikiwa na anga nyuma yake. Mimi nakiona kikiwa na dunia nyuma yake, na dunia ina rangi zote. Tena bendera inajizungusha kwenye waya, ikishajizungusha inakuwa uzi. Nataka kitu cha mviringo. Mviringo hauna upande wa kujificha."

"Na rangi?" nikauliza.

Hapo Mzee Edwini akafuta machozi. "Ziwani wimbi likivunjika ni povu, jeupe. Ukiweka maboya meupe utautafuta wavu wako mpaka Malawi. Ukiweka mekundu matupu, jua likiinama yanakuwa meusi kama maji. Sisi tunachanganya. Jekundu, la njano, jekundu, la njano. Hata jicho likiwa limechoka, linaona kitu kinabadilikabadilika, linajua hapo pana mtu."

Kapteni akasema, "Huyu mzee angerusha ndege."

"Siwezi," Edwini akajibu. "Huko juu hakuna samaki."

Rangi tumepata, umbo tumepata. Vitu vya mviringo, vikubwa, vyepesi, vyekundu na vya njano, tutavipata wapi ndani ya siku zilizobaki? Vibuyu vinapasuka juani. Mipira ya watoto ni midogo. Fundi Ndunguru alitembea na hilo swali mpaka Mbinga mjini alikokwenda kutafuta boliti.

Lazima niwaeleze ninyi mliokuta maduka yamejaa. Kabla ya soko huria, duka la ushirika pale Mbinga lilikuwa na kaunta, muuzaji, na vumbi. Ukiulizia sabuni unaambiwa "imekuja jana", maana yake imekwisha jana. Kisha wakasema ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na malori yao, wakaanza kutuita "wazee wangu". Nguo za mitumba zikaja, nikamwona mchimba mashimo wetu amevaa koti la harusi kazini. Na plastiki ikaja. Mabeseni! Yalipangwa maduka mazima, moja ndani ya jingine mpaka kwenye dari, ya kila rangi, kama vile nchi yote ilikuwa inangojea kuoga.

Fundi Ndunguru alisimama mbele ya duka moja akishika orodha yake ya boliti. Mtoto wa muuzaji alikuwa anacheza, amefunika beseni juu ya beseni, mdomo kwa mdomo. Fundi alirudi ufukweni juu ya lori, amekalia mabeseni, mekundu na ya njano, na boliti hakununua.

"Anselmi," aliniita kabla lori halijasimama, "mdomo kwa mdomo! Mdomo kwa mdomo!"

Nilidhani jua limempiga.

Tuliyashika mawili mawili, tukayafunga ukingoni kwa ribiti, ikawa mipira mikubwa. Chini ya kila mmoja tulitoboa tundu kwa msumari wa moto, mvua ikiingia itoke. Hilo msilisahau mkitengeneza mengine: beseni lililojaa maji juu ya waya ni jiwe. Pale unapopita waya tuliuzungushia kwanza mpira wa tairi la baiskeli, ukaze, usisage plastiki, na beseni lisitambae kwenda kumtembelea mwenzake katikati. Masista walikuja kuangalia, mmoja akauliza kama tutabakiza la kufulia. Tulimbakizia la kijani, maana kijani ndiyo rangi ya mlima.

Tukaushusha waya wa bendera, ikabaki kuuvusha upya. Waya wenye bendera tuliukokota chini bondeni kisha tukauinua, bendera hazijali. Lakini ukikokota mabeseni chini unafikisha vipande upande wa pili. Ilibidi waya upite hewani tangu mwanzo, umekazwa, kila beseni lifungwe nguzoni kwetu ndipo litoke. Winchi ya mkono tulikuwa nayo moja, na ilikuwa inakwama.

"Mnataka kutoa wavu," Mzee Edwini akasema.

"Nini?"

"Huko mnafunga maboya, mnaachia kidogo kidogo. Huku tunavuta, hatulegezi. Mnafikiri ziwani tunafanya nini? Leteni kamba."

Akawaleta wavuta wavu wake, wanaume na wanawake wa ufukweni, wale wanaovuta wavu wa kukokota kila asubuhi. Wakapanda kilima cha ng'ambo wakilalamika kwamba hakuna hata dagaa huko. Tulivusha kwanza uzi mwembamba wa nyavu, uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya. Kapi iko juu ya kila nguzo. Mimi nilikuwa juu ya nguzo ya kwetu, mkanda umefungwa, napokea beseni, nakaza, naachia.

"Vuta!" Ndunguru anapiga kelele.

Ng'ambo Mzee Edwini anaanzisha wimbo wa kuvuta, watu wanaitikia, wanarudi nyuma kwa mguu mmoja kama wako majini. Jekundu likatoka. La njano likatoka.

"Watani!" sauti inavuka bonde. "Mbona samaki wenyewe hawana mikia?"

"Vuta, wewe! Mtani akivuta kwa mdomo waya hautembei!"

"Tulegeze kidogo tupumzike?"

"Mkilegeza nawashitaki kwa Askofu wenu na wa kwetu!"

Walikuwa Waanglikana upande ule na sisi Wakatoliki, basi utani ulipata pa kukalia mchana kutwa.

Katikati ya bonde kuna mkuyu mkubwa kando ya mto, na beseni moja jekundu likaingia kwenye matawi yake likakwama. Wakivuta, linapasuka. Wakilegeza, yote yanashuka. Wimbo ukakatika. Watu wa ng'ambo walisimama wamejifunga kamba kiunoni, visigino vimezama ardhini, hawavuti, hawalegezi. Sijaona mkono wa mtu uliotulia kama mikono ile. Nilishuka nguzoni, nikakimbia bondeni, nikaupanda mkuyu kwa mkanda wa kazini na upanga. Nikakata tawi. Beseni likaruka juu kama limefurahi, likaenda kupanga mstari na wenzake.

Chini ya mkuyu nikamkuta mama, amesimama na fimbo yake, ameletwa na wazee wenzake vipofu, wameshikana mabega.

"Wananiambia mmefunga mabeseni angani," akasema. "Ni kweli, au wanamcheka kipofu?"

"Ni kweli, mama."

"Mazima?"

"Mazima."

Akatikisa kichwa. "Na kesi nilishindwa mimi kwa kibuyu kimoja."

Siku ya ndege mwera ulivuma tangu alfajiri. Ule mfuko wa kuonyesha upepo uwanjani ulinyooka kuelekea mlimani, umekaza kama mkono wa askari wa barabarani. Ufukwe wote ulitoka. Ndege ikaja kutoka ziwani, ikapita juu yetu, ikaenda mlimani, ikapotea nyuma ya ukingo. Fundi Ndunguru alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ila hakuivua. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama, na yeye ndiye aliyesikia kwanza.

"Inashuka," akasema.

Ikatokea kwenye ukingo, ndogo kama nyuki. Ikaelekeza pua kwenye bonde. Tukayatazama mabeseni, jekundu, la njano, jekundu, la njano, kutoka kilima mpaka kilima. Na ndege, ikiwa bado mbali kabisa, ikapandisha njia yake kidogo, taratibu, kama mtu anayeinua mguu kuruka kizingiti cha nyumba anayoifahamu. Ikapita juu kwa nafasi ya kujenga ghorofa, ikashuka, ikagusa majani.

Mayowe yaliyopigwa hapo sijayasikia tena, hata taa za kwanza hazikupigiwa hivyo. Mzee Edwini alimbeba Ndunguru mgongoni, Mnyasa amembeba Mmatengo, watu wakasema sasa mvua itanyesha kiangazi. Kapteni Mushi akashuka, akamfungulia mlango daktari wa macho, kisha akanitafuta.

"Nimeyaona tangu ukingoni. Nilidhani kuna harusi."

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Na ile ya siku ile pia naipokea. Sasa nipeni kahawa, hii yenu ya Mbinga, tuseme ukweli haifikii ya kwetu." Akanywa vikombe vitatu.

Daktari alifanya kazi yake. Mama alifunguliwa kitambaa asubuhi, mimi nikiwa mlangoni kwa sababu sista alinikataza kuingia. Alitoka mwenyewe. Akanitazama muda mrefu, akasema nimezeeka kuliko sauti yangu. Halafu akainua uso, akayaona yale mabeseni juu ya bonde, jua limeyapiga. Alisimama. Nikasubiri sifa.

"Lile la katikati limekaa chini kuliko wenzake," akasema.

"Ni uzito wa waya, mama, katikati lazima—"

"Sikukuuliza sababu. Nakwambia naliona."

Sista akamwambia asubiri, kuna kupimwa tena, kuna miwani inakuja. Mama alimpa fimbo yake mzee aliyekuwa bado kwenye foleni, akajifunga khanga, akashika njia ya mlimani. Nilimkimbilia nikitafuta lori. Hakungoja lori. Alipita chini ya mabeseni, akayatazama mara moja, akaendelea kupanda akichagua mwenyewe pa kuweka mguu. Ufukweni hakurudi tena. Miwani ilikuja, wakampa mtu mwingine.

Tuliyabadilisha mabeseni kila yalipopauka, maana jua la ziwani halina huruma na rangi. Baadaye yakaja yale maboya ya Ulaya, mazuri, tukayafunga. Mengi niliyafunga mimi. Fundi Ndunguru alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nami nilizigonga nguzo zile mbili kwa nyundo yake kila kiangazi, na mpaka mwisho zililia kama ngoma.

Siku yangu ya kustaafu mliniandalia soda na hotuba, najua, niliviona viti. Mniwie radhi. Nilitundika mkanda kwenye msumari wake, nyundo nikaiacha juu ya meza mahali mtakapoiona, nikapita chini ya waya. Mwera ulikuwa unavuma. Nikainua kichwa nikayaona yote, nikashika njia ya Mkumbi, na sijarudi.